Jeneza Lapita, Kiti Hakipiti

Jua huchelewa kufika Birikani. Uchochoro ni mwembamba, nyumba za mawe ni ndefu, kwa hivyo watu wa hapo huisikia asubuhi kabla hawajaiona. Kwanza husikia adhana. Kisha mlango wa duka la mkate. Kisha grenda ya Muhdhar ikikata chuma, na sauti ya mkewe, Mwanatumu, kutoka dirisha la juu:

"Babake Khubaib! Hata chai hujanywa, ushaanza kutoboa watu masikio!"

"Waliokwenda kusali wote wako macho," Muhdhar hujibu. "Anayelalamika ni nani?"

Muhdhar alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti, vitanda na vyuma vya madirisha. Karakana yake ilikuwa chini, yeye na mkewe wakikaa ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya juu alipanga Sidi, mwanamke wa Kaloleni aliyefanya kazi ya kupanga barabara. Mara nyingi Sidi alikuwa safarini, huku na huku pwani nzima. Mlango wa pili, upande wa pili wa uchochoro, alikaa mwana wao Khubaib na mkewe Nabiha.

Khubaib na Nabiha walikuwa na watoto wawili, mvulana mchanga wa kunyonya, na msichana aliyeanza chekechea. Msichana huyo alipewa jina la bibi yake, Mwanatumu, lakini mtaa mzima ulimwita Tumu. Watu wa jina moja huitana somo. Basi mtoto na bibi yake waliitana hivyo.

"Somo, nipe hamri moja."

"Somo, hujaosha uso. Nenda kaoshe uso ndipo uje."

"Nimeosha upande mmoja."

"Basi utakula nusu."

Ndivyo asubuhi zilivyokuwa. Mwanatumu akidhani zitakuwa hivyo daima.

Lakini nje, kwenye barabara kubwa, mambo yalikuwa yamebadilika. Magari yalizidi. Malori ya upande wa Makupa, magari ya kupeleka watoto shule Kizingo, matatu, mikokoteni, vyote viling'ang'ania njia moja. Asubuhi ikifika, barabara yaziba. Waendesha pikipiki wakagundua kuwa uchochoro wa Birikani una midomo miwili. Mmoja watokea barabara kubwa, wa pili watokea barabara ya nyuma. Wakaufanya njia ya mkato. Wakapita mbio, honi juu, viwiko vya watu vikikoswakoswa na vioo vyao.

"Mpole mpole! Hapa ni nyumbani kwa watu!" Muhdhar huwapigia kelele.

Wao washafika mwisho wa uchochoro.

Siku moja Tumu alitoka mlangoni kwa mamake kumrudishia bibi yake sahani. Mlango wa nyumba ile watokea moja kwa moja uchochoroni, hauna hata kizingiti cha kusimama. Pikipiki ikaja. Nabiha alisikia kishindo kimoja, kisha sahani ikizunguka juu ya mawe, ikizunguka, mpaka ikatulia. Haikuvunjika. Ilikuwa ya bati.

Mwenye pikipiki hakuwa na neno na mtu yeyote wa Birikani. Alikuwa akipita tu.

Tumu alizikwa siku hiyohiyo. Alikuwa mdogo, jeneza halikuhitajika. Babu yake alimbeba mikononi mpaka makaburini, na hakukubali mtu ampokee.

Baada ya hitma, kile kisomo cha kumwombea, wanaume waliketi karakanani.

"Tufunge njia," mmoja alisema.

"Nitaifunga mimi," akasema Muhdhar.

Alikata mabomba ya chuma, mazito. Akayasimamisha katika midomo yote miwili ya uchochoro, akayamwagia saruji chini. Aliyakaribianisha sana ili usukani wa pikipiki usipite, hata mtu mnene apite ubavu. Akayafanya marefu yafike kifuani ili pikipiki isiweze kuinuliwa juu yake. Mwanatumu mwenyewe ndiye aliyeleta maji ya kukorogea saruji. Nabiha alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akitazama kila nguzo ikiingia ardhini.

Jamaldin, mzee mwenye kuangalia msikiti, alikuna ndevu.

"Na maiti wetu je?" akauliza. "Hii ndiyo njia ya kutolea maiti."

Lilikuwa swali la maana. Pale mjini maiti hubebwa mabegani kwa miguu, na kila mwanamume aonaye jeneza huacha kazi yake akatia bega hatua chache, ndipo amwachie mwingine. Jamaldin akafungua stoo ya msikiti. Wakalitoa jeneza tupu, wakaliinua mabegani, wakaenda nalo nguzoni. Wabebaji wakapenya mmojammoja kati ya vyuma. Jeneza likapita juu.

"Lapita!" watu wakasema.

Wakasoma Fatiha, wakarudi majumbani. Hakuna aliyeuliza jingine. Mtaa mzima ulikuwa na msiba, na mwenye msiba haoni ila kifo. Walipima njia ya maiti wakasahau kupima njia ya mgonjwa.

Uchochoro ukatulia. Watoto wakarudi kucheza nje. Kulikuwa na taabu ndogondogo. Mtungi wa gesi sasa wabebwa kichwani. Mkokoteni wa maji waishia nguzoni, na madebe yabebwa kwa mkono. Wazee wa magongo wapita kwa tabu.

"Tutazoea," Mwanatumu alisema. Na kweli, walizoea.

Hata alasiri moja grenda ya Muhdhar ikanyamaza katikati ya kukata.

Mwanatumu aliusikia ukimya ule akashuka ngazi. Alimkuta mumewe ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Alijaribu kusema, maneno yakatoka mazito, hayashikani.

"Khubaib!" Mwanatumu akapiga ukelele. "Khubaib, babako!"

Khubaib akampigia simu Chonga, kijana wa Rabai aliyeegesha tuktuk yake kando ya barabara kubwa. Chonga hakukawia. Lakini alipofika, nguzo zilikuwa mbele yake.

"Mleteni! Mleteni hapa!" akaita.

Walimweka Muhdhar juu ya kiti cha plastiki. Kiti kikafika nguzoni, hakikupita. Wakataka kukiinua juu ya vyuma. Muhdhar alikuwa mtu wa miraba minne, na vyuma vyafika kifuani. Hawakuweza. Wakaleta blanketi. Lakini watu hawawezi kupita bega kwa bega kati ya nguzo zile, ni mmoja mbele na mmoja nyuma tu. Blanketi likabonyea katikati. Muhdhar akateleza, akaanguka juu ya saruji aliyoimwaga mwenyewe.

"Twendeni upande wa pili!" mtu akasema.

"Upande wa pili nguzo ni zizo hizo," Khubaib akajibu. Alikuwa akilia.

Ndipo sauti moja, haijulikani ya nani, ikasema lile ambalo kila mtu alikuwa analifikiria na analiogopa.

"Leteni jeneza."

Stoo ilikuwa imefungwa. Jamaldin alikwenda Marikiti kununua nazi, na ufunguo uko mfukoni mwake. Wakamtuma mtu. Wakangoja. Mwanatumu alipiga magoti akashika kile kichwa kikubwa cha mumewe, akimpangusa mate. Kwa upande wa pili wa vyuma, Chonga alisimama na injini inanguruma, hana la kufanya.

Jeneza likaja. Muhdhar akalazwa juu yake, yu hai, jicho moja wazi. Wakaliinua. Likapita juu ya nguzo, kama walivyopima.

Huko nje watu hawakujua. Waliona jeneza, wakafanya walivyofundishwa na wazazi wao. Mwenye duka akaruka kaunta akatia bega. Wazee wa barazani wakasimama. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," wakasoma. Mwanamke mmoja dirishani akaangua kilio.

"Yu hai!" Mwanatumu akawapigia kelele. "Mwamlilia nani? Mume wangu yu hai!"

Wakampakia katika tuktuk ya Chonga. Hospitalini daktari aliuliza kwanza ni lini mdomo ulianza kwenda upande. Alipojibiwa, akatikisa kichwa.

"Hiki ni kiharusi," akasema. "Mtu akipinda mdomo, mkono ukalegea, maneno yakamshinda, msingoje hata kidogo. Mkimfikisha mapema, tunaweza kuokoa mengi. Sasa tutaokoa roho, inshallah. Mkono sijui."

Roho iliokoka. Mkono haukuokoka, wala mguu.

Muhdhar alirudishwa nyumbani akiwa juu ya kiti cha magurudumu. Chonga alimleta mpaka mdomo wa uchochoro. Khubaib akasukuma kiti. Magurudumu yakagonga nguzo huku na nguzo huku. Akajaribu kukipeleka ubavu. Hakikupita. Muhdhar alivitazama vile vyuma, viungo vyake safi, havina hata tundu la sindano. Kazi ya mkono wake. Kisha akatazama pembeni.

Khubaib alimbeba mgongoni mpaka ndani, kama mtoto.

Tangu siku ile Muhdhar hakutoka. Alitakiwa aende kliniki ya mazoezi kila wiki. Hakwenda. Msikiti ulikuwa karibu, lakini uko nje ya nguzo. Hakwenda pia.

"Watakubeba juu ya jeneza, ni dakika tu," Mwanatumu alimbembeleza.

Maneno yalikuwa yakimrudia polepole. Alijibu kwa kuyachagua moja moja.

"Mwanatumu. Siku ile. Niliwasikia."

"Uliwasikia nani?"

"Wale waliosoma. Walinisomea inna lillahi, nami nawaangalia. Nimepanda jeneza mara moja nami ni hai. Mara ya pili sitashuka."

Mwanatumu hakulala vizuri usiku huo. Asubuhi aliingia karakanani, akachukua msumeno wa chuma wa mumewe, akaenda nguzoni. Hajawahi kukata chuma maishani. Akauweka msumeno, akaanza.

Nabiha aliisikia sauti ile akatoka mbio, mtoto mkononi.

"Mama! Wafanya nini?"

"Nakata."

"Wakata nini?"

"Hujui ni nini? Namkatia baba mkweo njia."

Nabiha akamweka mtoto chini. Akaikumbatia nguzo kwa mikono miwili, kifua chake mbele ya msumeno.

"Basi anzia hapa," akasema. "Nikate mimi kwanza."

"Nabiha, ondoka."

"Siondoki! Mama, Tumu alifia mlangoni kwangu. Mimi ndiye niliyemwokota. Huyu hapa ameanza kutambaa. Ukiifungua njia, ni zamu yake. Wataka nizike wangapi?"

"Na mimi wataka nikae nimtazame mume wangu akioza ndani kama tunda? Tumu alikuwa somo wangu! Wadhani wewe peke yako ndiye uliyefiwa?"

Watu wakafungua madirisha. Mkaza mwana na mama mkwe walitazamana, chuma kati yao, na kila mmoja alikuwa na haki.

Sidi alikuwa akishuka kwenda kazini. Aliona, akasimama. Kisha akamwinua mtoto kutoka chini.

"Mama, Nabiha," akasema. "Ndooni ndani. Mwajianika machoni pa watu."

Jikoni kwa Mwanatumu kulikuwa na sinia la mchele alioacha kuuchagua. Sidi akaketi juu ya kibao.

"Kwanza niwaombe radhi," akasema. "Nguzo zilipowekwa nilikuwa kazini mbali. Niliporudi nikazikuta. Nikajiambia, msiba ungali mbichi, nitasema baadaye. Sikusema."

"Useme nini?" Nabiha akauliza kwa ukali. "Nguzo zafanya kazi yake. Hakuna pikipiki hapa."

Sidi hakubishana. Kwa kidole akafungua njia katikati ya mchele, kutoka ukingo hadi ukingo wa sinia.

"Huu ni uchochoro wetu. Huku barabara kubwa, huku barabara ya nyuma. Nipeni kokwa za tende na karafuu."

Mwanatumu akampa. Sidi akaweka kokwa katika kila mdomo wa njia.

"Hizi ndizo nguzo. Karafuu ni pikipiki. Nabiha, ile pikipiki ilikuwa ikienda kwa nani?"

Nabiha aliinama.

"Haikuwa ikija kwa mtu. Ilikuwa yapita."

"Mama, na tuktuk ya Chonga siku ile, ilikuwa yaja kwa nani?"

"Kwa mume wangu."

"Basi hao ni watu wawili tofauti. Mmoja apita, mmoja afika. Anayepita hana haja nanyi. Anayefika mnamhitaji. Nyinyi mmewafungia wote wawili."

Akaziondoa kokwa midomoni, akaziweka zote katikati ya uchochoro.

"Nabiha, pitisha pikipiki sasa."

Nabiha akaisukuma karafuu kwa kidole. Ikaenda, ikagota katikati.

"Haipiti," akasema.

"Itarudi ilikotoka. Kesho haiji tena, maana njia hii haina faida kwake. Mkato haupo. Mama, mlete Chonga."

Mwanatumu akasukuma karafuu nyingine kutoka barabara kubwa. Ikafika mpaka karakanani. Akaleta ya tatu kutoka barabara ya nyuma. Ikafika mpaka duka la mkate. Akaziangalia.

"Wote wafika," akasema polepole. "Na hapana apitaye."

Nabiha hakuwa mjinga. "Na huyo anayefika," akauliza, "akifika mbio?"

"Swali hilo ndilo lenyewe," Sidi akasema. "Mwendo ndio unaoua. Gari la polepole likimgusa mtu, mtu huinuka mwenyewe. La mbio, huinuliwa. Kwa hivyo mdomoni twapabana kidogo na kuinua sakafu, dereva apande, ajue ameingia majumbani kwa watu. Ndani twaweka matuta mafupi. Hata akitaka mbio hazipati."

"Na kiti cha Baba kitapitaje hapo katikati? Nafasi ikimtosha yeye, itaitosha na pikipiki."

Sidi akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Nyumba zenu za zamani mwazijua. Ukifungua mlango mkubwa, waona ndani?"

"Huoni," akasema Mwanatumu. "Waona ukuta. Wakata kona kwanza, ndipo uingie. Ni kwa ajili ya sitara."

"Basi na vyuma tuvipange hivyo. Vizuizi viwili vilivyopishana. Mwenye kiti azunguke taratibu, apite. Mwenye pikipiki hawezi kuzunguka akiwa juu yake. Itabidi ashuke aikokote. Na kizuizi kimoja kiwe na kufuli, moto ukizuka kifunguliwe. Ufunguo ukae kwa watu wawili, duka la mkate na msikitini."

"Msikitini!" Mwanatumu akaguna. "Ukae kwa Jamaldin, aende nao Marikiti?"

Hata Nabiha alicheka, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe.

"Lakini hiyo ni nusu," Sidi akaendelea. "Nusu ya pili iko nje. Pale mdomoni malori yakata kona bila kupunguza mwendo, na hakuna kivuko. Mkimtoa Mzee hapa salama akagongwe pale, mmefanya nini? Barabara ni kama nyumba. Kuna ukumbi wa wageni na kuna chumba cha kulala. Mgeni hapitii chumbani kwenda uani. Kwa hivyo wapitao wapewe barabara kubwa iliyo nzuri, wasitafute vichochoro. Lakini na chumba kiwe na mlango. Chumba kisicho mlango, Nabiha, ni kaburi."

Nabiha aliendelea kuitazama ile karafuu iliyogota. Mwishowe akasema, "Nguzo zisitolewe hata moja kabla hizo za katikati hazijasimama."

"Hazitatolewa," Sidi akamwahidi. "Wala msitoe na kuweka wenyewe tena. Uchochoro ni wa umma. Twaandika barua kwa afisi ya barabara, twakwenda kwa mwakilishi wa wadi, twaitisha mkutano. Na kwenye mkutano wawepo wote wanaoutumia. Wenye magongo, wenye mikokoteni, wanawake, hata wa tuktuk."

Mkutano ulifanywa karakanani, ili Muhdhar awepo. Jamaldin alipomwona Chonga akavuta uso.

"Nyinyi wa tuktuk ndio mnaoziba njia kila siku, leo waja kutufunza?"

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Sikukuomba shikamoo."

"Mzee Jamaldin," Chonga akasema, "siku ile nilisimama nguzoni nikaita mpaka koo likakauka. Wewe ulikuwa Marikiti watikisa nazi sikioni, ufunguo mfukoni."

Watu wakacheka. Kisha wakamwona Muhdhar juu ya kiti, kicheko kikafa. Jamaldin akavua kofia, akaishika mapajani.

"Kweli," akasema. "Na mimi ndiye niliyesema tupime kwa jeneza."

Muhdhar akainua mkono wake wa kushoto.

"Nilizichomelea mimi," akasema. "Viungo vizuri. Pahali pabaya."

Mambo hayakuwa ya haraka. Maafisa walikuja, wakapima, wakaenda. Watu wa kuhifadhi majengo ya kale nao wakaulizwa. Mvua za masika zikanyesha, zikaisha. Wiki nyingine Khubaib alimbeba babake mgongoni kwenda kliniki. Wiki nyingine mgongo wake ulikataa. Mguu wa Muhdhar ulizidi kukakamaa, na mtaalamu wa mazoezi alisema wazi kwamba miezi ile iliyopotea haitarudi.

Lakini kazi ilianza. Afisi ilikubali vizuizi vitengenezwe hapohapo mtaani. Khubaib alishika mashine ya kuchomelea. Muhdhar alikaa kando, chaki mkono wa kushoto, akichora sakafuni mistari iliyopinda.

"Si hapo," humwambia mwanawe. "Rudi. Kidogo. Hapo."

Siku ya kuvisimamisha, afisa alisema vyaweza kukaa popote katikati, kati ya duka la mkate na karakana. Akawauliza watu ni wapi. Nabiha ndiye aliyekwenda akasimama mahali, mbele ya mlango wake mwenyewe. Hakuonyesha kwa kidole. Alisimama tu, mguu juu ya jiwe moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini pale.

Jamaldin, kwa mazoea, alikuwa ameshafungua stoo. Akaja na wenzake, jeneza mabegani, tayari kupima nafasi.

"Rudisheni," Muhdhar akasema.

"Twapima tu, Bwana Muhdhar."

"Rudisha jeneza, Jamaldin. Leo pimeni kwa kiti."

Wakapima kwa kiti. Mwanatumu ndiye aliyesukuma. Gurudumu lilikwaruza chuma mara ya kwanza, wakakisogeza kizuizi. Mara ya pili kiti kikazunguka kona, kikatoka upande wa pili. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mwanatumu alitazama nyuma akaona anaweza kurudi, akarudi.

Ndipo nguzo za midomoni zikakatwa, Nabiha akitazama kila moja ikitoka kama alivyotazama ikiingia.

Huko nje kivuko kikainuliwa juu ya barabara, kona ikabanwa, na ukingo wa njia ya miguu ukapewa mteremko wa magurudumu. Malori sasa hupunguza kwa lazima, si kwa hisani. Pikipiki chache zilijaribu mkato zikagota, zikarudi. Hazikuja tena. Zinazokuja ni zile zenye mtu wa kumfikia. Kila moja ikiingia, hata polepole, Nabiha huacha anachokifanya. Husubiri mpaka izime. Halafu huendelea. Huenda ataishi hivyo.

Ijumaa ya kwanza Mwanatumu alimvika mumewe kanzu, akamsukuma mpaka mdomoni mwa uchochoro. Hapo ndipo mahali alipokuwa amekishika kichwa cha mumewe juu ya saruji. Doa la saruji lilikuwa bado lipo. Wakavuka. Lori lilisimama, na dereva akangoja.

Kwenye ua wa msikiti, mlango wa stoo ulikuwa wazi. Jeneza liliegemezwa ukutani. Muhdhar akamwashiria mkewe asimame. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Wewe ningoje hapo," akaliambia. "Huna haraka wewe."

Kisha akamwambia mkewe asukume, wasichelewe.